Msomaji Aliyekataa Kusoma kwa Ghibu

Nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha balbu katika ukumbi wa sinagogi, wiki yangu ya pili kazini, niliposikia sauti ya mwanamume chini yangu ikisema kwa Kiswahili: "Mama, wewe iko juu, nani iko chini kushika ngazi?"

Nilicheka nusura nianguke. Miaka yote niliyokuwa London nilikuwa nimesikia Kiswahili cha kila namna, cha Wakongo wa Peckham, cha Wahindi wa Kampala, cha jamaa zangu wa Pemba, lakini sikutarajia kukisikia kutoka kwa Myahudi mwenye kofia ndogo nyeusi na koti lililochakaa viwiko. Aliishika ngazi kwa mikono miwili, akasubiri nishuke.

"Kwa nini unacheka? Nimekosa?"

"Umekosa, Mzee. Husemi 'wewe iko'. Unasema 'wewe uko juu, nani yuko chini'."

Aliyarudia maneno yale mara tatu taratibu, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli. Kisha akaniambia kwamba alikuwa ameishi Nakuru miaka mingi akitengeneza cherehani za mafundi wa nguo, na kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyemsahihisha. Alisema hivyo kwa hasira, kana kwamba mji mzima ulimficha jambo.

"Kutoka leo," akasema, "ukisikia kosa, usinyamaze."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Kanisani kwao, au msikitini kwao, sijui niseme vipi, watu walimwita Msomaji, kwa sababu ndiye aliyesoma Taurati kila Jumamosi asubuhi. Mimi nilimwita Mzee. Yeye alianza kwa kuniita Mama, nikamwambia kwamba kwetu Pemba mtu mzima wa rika langu huitwa Bi, na tangu siku ile nikawa Bi Rukia. Nilikuwa mwangalizi wa jengo lile kwa miaka kumi na minne. Nilifungua milango, nikawasha joto, nikapanga viti, nikafagia. Binti yangu aliona ajabu. "Mama, wewe unavaa ushungi unakwenda kufanya kazi kwa Mayahudi?" aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Nilimjibu kwamba nilikwenda kufanya kazi, na walioniajiri walijua nimevaa nini.

Kazi ya Mzee ilinichukua muda kuielewa. Taurati yao ya ibada si kitabu. Ni gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, limezungushiwa kwenye miti miwili, limevishwa joho la mahameli na kuwekwa ndani ya kabati lenye pazia. Herufi zake hazina irabu. Hazina vituo, hazina alama za maghani. Msomaji lazima awe amejifunza yote hayo kabla, kila wiki sehemu mpya, kisha asimame mbele ya watu asome kutoka kwenye ngozi tupu kama vile kila kitu kimeandikwa. Na haruhusiwi kuigusa ngozi kwa kidole. Hutumia kijiti cha fedha chenye ncha iliyochongwa mfano wa mkono mdogo, kidole kimoja kimenyooka. Mimi niliyesoma chuoni kwa mwalimu mwenye bakora, niliyekatazwa kuushika msahafu bila udhu, sikuhitaji kuelezwa kwa nini.

Alijifunza sehemu yake ya wiki ndani ya basi. Alikuwa na kitabu kilichopigwa chapa, chenye irabu zote, na alikuwa akiimba kwa sauti ya chini huku midomo ikicheza. Aliniambia abiria humkimbia, wakadhani ana wazimu, naye hupata kiti cha pili cha kuwekea mkoba. Vidole vyake vilikuwa vinene, vyeusi kwenye kucha kwa mafuta ya cherehani, kwani hata baada ya kustaafu aliendelea kutengeneza mashine za majirani. Siku ya Ijumaa alivisugua kwa limau. Alifika Jumamosi saa nzima kabla ya wengine, kwa miguu, mvua au theluji, akasimama peke yake mbele ya meza ya kusomea akiwa hafanyi chochote.

Alikuwa mgumu. Siwezi kumpamba. Aligombana na Mwenyekiti wa kamati juu ya joto la ukumbi, kila majira ya baridi, mgogoro uleule kwa maneno yaleyale. Mtu akikohoa wakati wa kusoma, alinyamaza mpaka kikohozi kiishe, akamtazama mtu huyo. Lakini mahubiri yakianza alikuwa wa kwanza kufunga macho na kulala. Nilimwuliza siku moja iwapo anaamini yote anayoyasoma.

"Bi Rukia," akasema, "hilo mimi sijaulizwa. Mimi nimeulizwa kusoma sawasawa."

"Lakini moyoni?"

"Moyoni ni kwangu."

Mara moja kwa mwezi alipanda basi hadi Edgware Road, akaingia mkahawa mmoja wa Waarabu, akaagiza chai kavu ndani ya gilasi. Chakula hakugusa, kwa ajili ya dini yake. Alikwenda kwa sababu humo walikaa wazee wa Kiomani waliozaliwa Unguja, waliokuja London kutibiwa au kutembelea watoto, na walizungumza Kiswahili safi. Mara moja nilikwenda naye. Alikaa katikati yao akiwauliza maneno: hii mnaitaje, ile mnaitaje. Mzee mmoja wa Kiomani alimsahihisha mbele ya wote kwa sauti kubwa, na Msomaji akafurahi kama aliyepewa zawadi. Nilimwona akiyarudia maneno yale kwenye basi njia nzima tuliporudi.

Yeye hakujua kwamba si kila mtu hufurahia kusahihishwa hivyo.

Hapa lazima nimlete Daktari wa meno. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye kliniki yake karibu na kituo cha treni, akikaa safu ya nyuma. Baba yake alipofariki, alitaka kumkumbuka kwa kusoma mwenyewe sehemu fupi ya Taurati siku ya hitima ya mwaka, ingawa hakuwa amesoma tangu utoto. Alijifunza miezi mitatu. Nilimsikia akifanya mazoezi ukumbini siku za kazi, akidhani hakuna mtu.

Siku ilipofika nilikuwa nimesimama mlangoni. Desturi yao ni kwamba kosa linalobadilisha maana haliachwi lipite. Anayesimama kando ya meza hulisahihisha palepale, na msomaji hurudia neno. Msomaji wetu ndiye aliyesimama kando siku ile. Alimsahihisha Daktari mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kila mara kwa sauti iliyofika hadi kwa wanawake juu ghorofani. Mara ya sita Daktari aliweka kijiti mezani.  Alishuka, akavua shali yake ya sala, akapita karibu nami bila kuniona, akatoka nje.

Niliingia jikoni baadaye nikamkuta Msomaji akiosha gilasi yake.

"Mzee, umemliza mtu."

"Alikosea."

"Najua alikosea. Wewe je?"

Aliigeuza gilasi akaendelea kuiosha. Daktari hakuonekana miezi mingi. Aliporudi alirudi safu ya nyuma kabisa, na mara mbili Mwenyekiti alipomwomba asome alikataa kwa kutikisa kichwa tu. Msomaji na yeye walisalimiana kila Jumamosi, Shabbat shalom, Shabbat shalom, wala hapakuwa na neno jingine kati yao kwa miaka saba.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya majira ya kupukutika majani. Nilikuwa nimeona mambo kabla ya hapo: namna Msomaji alivyokuwa akipapasa ukingo wa meza, namna alivyonimiminia chai mezani pembeni ya kikombe akasema kikombe ndicho kilichosogea. Lakini kusoma kwake hakukubadilika. Sauti ilikuwa ileile, maneno yakimiminika bila kukwama. Kila Jumamosi huitwa watu saba, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sehemu yake. Anayeitwa hugusa gombo kwa tamvua la shali, akalibusu tamvua, akasema dua, na Msomaji akamsomea.

Alikuwa katika sehemu ya nne. Katikati ya mstari alinyamaza.

Mwenyekiti, aliyekuwa kando yake, alidhani mtu amekohoa. Akangoja. Kisha akamnong'oneza aendelee. Msomaji aliinua kijiti cha fedha kutoka kwenye ngozi, akakilaza mezani taratibu, akageuka kuwatazama watu. Hakuwatazama hasa, aligeuza uso tu.

"Sioni," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti kamili. "Nimekuwa nasema ninachokumbuka. Hicho si kusoma."

Hakuna aliyejua. Angeendelea mwaka mzima na hakuna ambaye angejua, kwani hakukosea hata herufi. Lakini sheria yao inasema Taurati ya ibada husomwa kwa macho kutoka kwenye gombo, wala haisomwi kwa ghibu, hata kama msomaji anaijua yote. Mwenyekiti alimwuliza, tangu wapi? Aliacha kuona tangu wapi? Msomaji akafikiri, akasema, tangu mwanzo wa sehemu ya tatu. Basi wakarudi hadi pale. Siku ile hapakuwa na rabi, kwani rabi wao waligawana na sinagogi jingine. Mzee mmoja alipanda akasoma yaliyobaki neno baada ya neno, bila maghani, akisahihishwa kila hatua. Ilichukua muda usiokwisha. Msomaji alikaa safu ya mbele, mikono juu ya magoti, kichwa kimenyooka. Nilimtazama nikitafuta chozi. Sikuliona. 

Kamati ilikaa Jumatano iliyofuata, nami nikapeleka chai. Mwenyekiti alisema wazi kwamba jamaa zao wamepungua, kwamba bila msomaji ibada haitasimama, na kwamba sinagogi kubwa la mtaa wa mbali lilikuwa tayari kuwapokea wote. Wajumbe walitazama vikombe vyao. Nilikuwa nimeshika trei nikiwaza kwamba milango ile niliyoifungua miaka yote itafungwa.

Msomaji alisimama. "Nipeni hadi Pasaka," akasema. "Nitakuleteeni msomaji."

"Nani?" akauliza Mwenyekiti.

"Hilo niachieni."

Kesho yake aliniomba nimsindikize. Aliweza kuona mwanga na vivuli, lakini barabara zilianza kumtisha, ingawa neno hilo hakulitumia. Alisema tu kwamba magari ya siku hizi hayana sauti. Nilimshika mkono hadi kwenye kliniki ya meno. Mapokezini msichana alimwuliza kama ana miadi.

"Nina miaka saba," akajibu.

Msichana hakuelewa, akaenda kumwita Daktari. Daktari alitoka na barakoa imening'inia shingoni. Nilitaka kuondoka, lakini Msomaji alinikaza mkono.

"Siku ile," akamwambia Daktari, "makosa yalikuwa yako, sauti ilikuwa yangu. Nimekuja kuomba radhi kwa sauti. Nilipaswa kuja siku ileile, sikuja, na hilo ndilo kubwa zaidi."

Daktari aliivua barakoa shingoni. Wagonjwa wawili kwenye viti walijifanya kusoma magazeti.

"Unakuja kwa sababu unanihitaji," akasema Daktari.

"Ndiyo. Nakuhitaji. Lakini ukikataa kusoma, radhi bado naiomba."

Daktari aliangalia sakafu, kisha akaniangalia mimi, sijui kwa nini. "Nina mgonjwa ndani," akasema. Akarudi chumbani akafunga mlango.

Tulirudi kwa miguu. Nilimwambia Mzee asikate tamaa. "Nani amekata tamaa?" akauliza. Jumatatu ya pili yake nilikuwa nafuta meza jikoni, Daktari akaingia na kitabu chini ya kwapa. Aliuliza kama Msomaji amefika. Hakuwa amefika, nilimpigia simu, akaja kwa teksi ndani ya dakika ishirini, amevaa koti juu ya nguo za kulalia.

Walisomea pale jikoni kwangu, kila alasiri kliniki ilipofungwa, majira yote ya baridi. Daktari akisoma, Msomaji akisikiliza, amefumba macho. Sauti haikupanda tena. Daktari alipokosea, Mzee aligonga meza kwa kucha mara moja, kidogo tu, na Daktari akarudi nyuma akalitafuta kosa mwenyewe. Siku nyingine kucha iligonga mara hamsini. Siku moja Daktari alikifunga kitabu, akasema kichwa chake si cha mtoto, mambo hayashiki. Msomaji alinigeukia.

"Bi Rukia, tulipojuana nilikuwa nasema vipi, kitu hii?"

"Kitu hii, gari yangu, mtu ile. Kila kitu."

"Na sasa?"

"Sasa unasema kitu hiki. Gari bado linakushinda."

"Nilianza kujifunza nikiwa na miaka sabini na mbili," akamwambia Daktari. "Fungua kitabu."

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, Daktari alipanda mezani. Ukumbi ulijaa kuliko nilivyouona kwa muda mrefu. Hata binti yangu alikuja, akakaa na wanawake ghorofani, kwa kuwa alikuwa amechoka kusikia hadithi nusunusu. Msomaji alisimama kando, bila kitabu, kwani kitabu hakikuwa na faida kwake. Kusikiliza na kusahihisha kwa ghibu hakukukatazwa. Daktari alisoma sehemu zote saba. Alikosea mara nne. Mara nne Msomaji aliinamisha kichwa karibu na sikio lake akamwambia neno sahihi kwa sauti ambayo mimi mlangoni sikuisikia. Walipomaliza, gombo lilinyanyuliwa juu, limefunguliwa, watu wote waone maandishi. Msomaji aliinua uso kama wengine.

Alisimama kando ya meza ile kwa mwaka mmoja na nusu. Kisha akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika, na alipotoka hospitali wakampeleka kwenye makao ya wazee wa Kiyahudi, mwisho kabisa wa njia ya treni. Nilikwenda kila wiki, safari ndefu kutoka nyumbani kwangu Barking. Hakulalamikia chakula wala chumba. Alilalamikia jambo moja: pale palikuwa na sala, palikuwa na wanaume kumi na zaidi, idadi inayotakiwa kwao, lakini gombo hapakuwa. Alianza kumpigia Mwenyekiti simu kila siku. Mwenyekiti alimweleza kwamba si heshima kulipeleka gombo kwa mtu. Watu ndio huliendea gombo. Msomaji alijibu kwamba hamwombei mtu mmoja, anaombea nyumba nzima, na kwamba likipelekwa liwekwe kabatini kwa heshima na lisomwe mara tatu, Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi, ndivyo desturi ilivyo. Mwenyekiti akasema atafikiri. Msomaji akapiga simu kesho yake. Alipiga wiki sita.

Basi ikawa Jumatatu moja asubuhi, mimi na Daktari tuko kwenye gari lake. Gombo haliwekwi kwenye buti wala kiti kitupu, lazima libebwe. Mwenyekiti na wengine walikuwa wametangulia, Daktari anaendesha. Alikuwa amempigia Msomaji kumwuliza afanye nini, naye akasema sheria haimkatazi asiye Myahudi kulishika gombo, na kwamba Bi Rukia yupo. Nilitia udhu kabla ya kutoka. Nikalipokea likiwa limefunikwa shali nyeupe, nikaliegemeza kwenye bega langu la kulia kama nilivyowaona wao wakifanya. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Njia nzima Daktari aliendesha kama aliyebeba maji bila kifuniko.

Mvua ilikuwa inanyesha na nafasi ya kuegesha haikupatikana, akanishusha mlangoni. Niliingia peke yangu. Ukumbi ulikuwa mrefu, wazee kwenye viti pande zote mbili, meza iliyotandikwa kitambaa mwisho kule. Mwenyekiti alikuja na mikono mbele anipokee.

"Nani amelibeba?" ilisikika sauti ya Msomaji.

"Bi Rukia," akajibu Mwenyekiti.

"Basi mwache afike nalo."

Alikuwa kwenye kiti karibu na meza, blanketi juu ya miguu. Kwao gombo likipita, mtu husimama. Nilimwona akiliweka blanketi kando, akashika mikono ya kiti. Mhudumu wake, mwanamke wa Bukavu, alimkimbilia.

"Papa, ukae! Utaanguka. Daktari wa hapa alisema usisimame."

"Siwezi kukaa," akamwambia. "Linaingia."

Akajisukuma. Mara ya kwanza akarudi chini. Mara ya pili akasimama, amejikunja, magoti yanatikisika ndani ya suruali. Mhudumu alitanua mikono nyuma yake bila kumgusa. Nami nikaona kwamba kadiri nitakavyochelewa ndivyo atakavyozidi kusimama juu ya miguu ile, nikaanza kuharakisha, viatu vyangu vyenye maji vikilia sakafuni.

Alisikia.

"Bi Rukia," akasema, "polepole. Usiharakishe kwa ajili yangu."

Nikapunguza hatua. Nilitembea ule ukumbi wote kwa mwendo wanaotembea wao, mzee mmoja baada ya mwingine akinyoosha mkono kugusa joho la mahameli ninapompita, mimi nikisimama kwa kila mmoja, na yeye kule mbele amesimama. Nikafika. Nikalilaza juu ya meza. Mpaka aliposikia miti imegusa meza ndipo akakaa.